SAFARI NA DESTURI: Hekalu la Makalasinga Kericho

Kila mwaka watu hutoka Uingereza, wengi wao kutoka mji wa Birmingham, wakashuka uwanja wa ndege wa Nairobi, wakasafiri tena kwa gari mpaka Kericho. Hawaji kutazama simba wala kuota jua. Na kwa habari ya jua, Kericho si mji wa kuutumainia, kwa maana mvua hunyesha huko alasiri nyingi za mwaka. Waja kuhiji. Miongoni mwao wamo wazee waliozaliwa Kenya, na wamo vijana ambao hawakuwa wamepata kuiona nchi hii, nao wote wakifika mlangoni huvua viatu, hufunika vichwa, na wakiisha kuingia huinama mpaka paji la uso liguse sakafu.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira tumekuwa tukienda Kericho tangu zamani za babu zetu. Wengi walikwenda kuchuma chai katika mashamba makubwa yaliyoanzishwa na makampuni katika miaka ya 1920. Wengine huenda kuuza na kununua, au kuwatazama ndugu zao. Kuba nyeupe za hekalu lile tumeziona mara nyingi kupitia dirisha la matatu. Lakini ukiwauliza watu kumi waliozipita ni nani kati yao aliyepata kuingia, huenda usipate hata mmoja. Huyu atakuambia kwamba pale ni pa Wahindi tu, yule kwamba Mwafrika akisogea hufukuzwa, na mwingine kwamba chakula chao kimetolewa kwa sanamu. Maneno haya yote matatu si kweli, na kwa kuwa yanatunyima kitu kizuri kilicho karibu nasi, nimeona yafaa kuyaeleza katika safu ya juma hili.

Kwanza jina. Watu hawa sisi huwaita Makalasinga. Inasemekana kwamba neno hilo limetokana na mfanyabiashara mmoja wa siku za kwanza, Kala Singh, ambaye alikwenda bara na bidhaa zake mapema sana, hata wenyeji wakawaita wenzake wote kwa jina lake. Wengine husema Masingasinga. Neno Singh maana yake simba, na tangu mwaka 1699 wanaume wa dini hiyo wameagizwa kulitumia, kama wanawake walivyopewa jina la Kaur. Dini yao ilianza katika nchi ya Punjab, na mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, wala haifai kumfanyia sanamu. Baada yake walifuata walimu wengine tisa; na yule wa kumi, Guru Gobind Singh, alipokuwa karibu kufa mwaka 1708, aliamuru kwamba baada yake asiwepo tena mtu wa kuitwa guru, bali kile kitabu chao kitakatifu kiwe ndicho guru milele. Basi aonaye watu wakiinama hekaluni asidhani wanasujudia sanamu. Wanakiinamia kitabu.

Hivyo Kalasinga si Mhindu, ingawa wametoka nchi moja, na sisi dukani huwachanganya wote kwa jina la Wahindi. Tofauti hiyo yaonekana vizuri katika safari zao za kuhiji huko kwao milimani. Wahindu wana mji wa Haridwar, mahali ambapo mto Ganga hutoka katika milima ya Himalaya na kuingia nchi tambarare. Huko huoga mtoni na kumwaga majivu ya wafu wao. Tena wako makuhani ambao kazi yao ni kutunza vitabu virefu vya nasaba. Mhindu aliyezaliwa ng'ambo aweza kufika pale, akataja kabila lake na kijiji cha babu zake, akafunguliwa kitabu na kuonyeshwa jina la babu wa babu yake aliyepita hapo zamani. Kisha naye huandikwa, na watoto wake pia. Sisi tunaohesabu baba zetu kwa kichwa mpaka kumfikia aliyeanzisha ukoo twaweza kuifahamu furaha ya mtu huyo, na pengine kuwaonea wivu wenye wino.

Kupanda juu kidogo ya Haridwar upo mji wa Rishikesh, ambako nyama na pombe haziuzwi, na kutoka hapo barabara yapanda milimani siku nyingi za mwendo kwa mwenye kutembea. Barabara hiyo hutumiwa na Wahindu na Makalasinga pamoja, mpaka mahali paitwapo Govindghat. Hapo huachana. Mhindu huendelea na barabara mpaka hekalu la Badrinath, lililo kimo cha mita 3,100 hivi juu ya bahari. Kalasinga huvuka mto na kupanda kwa miguu mpaka ziwa la Hemkund, ambalo kimo chake chakaribia kile cha Mlima Elgon, mlima ambao wazee wetu husema Abagusii waliupitia walipokuwa wakitafuta nchi. Mahali hapo pawili hufungwa wakati wa baridi kwa sababu ya theluji.

Kericho haina theluji, ila ina baridi ya kutosha kwa watu wa huku, nayo imesimama juu ya bahari mita 2,000 hivi. Mtu wa Kisii aendaye huko hupita Keroka, ambako kaunti ya Kisii na ya Nyamira zinagusana, kisha Chepilat, Sotik, Kaplong, Kapkatet na Litein. Ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini ni njia yenye kumbukumbu. Chepilat ni mpakani petu na Wakipsigis, na hapo mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008 baada ya uchaguzi, majirani walishikiana silaha, nyumba na maduka yakachomwa na watu wakapoteza maisha. Siku hizi soko la Chepilat lina watu wa pande zote mbili, na mwenye haraka hupita bila kukumbuka. Nako upande wa magharibi wa mji wa Kericho kuna Kabianga, ambako sasa pana chuo kikuu. Wazee wetu husimulia kwamba Abagusii walikaa Kabianga kabla ya kufika nchi yao ya leo. Baridi ikaua wimbi shambani, ng'ombe wakafa, watoto wakafa, kila walichokijaribu kikakataa, nao wakaondoka. Wasema jina lenyewe latokana na kule kukataa. Basi yapendeza kufikiri kwamba milima ileile iliyowashinda babu zetu ndiyo ambayo watu wa mbali huvuka bahari kuijia.

Waijia kwa sababu ya fundi mmoja. Jina lake Puran Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1898, akaja Kenya akiwa kijana, akakaa Kericho miaka mingi. Kazi yake ilikuwa ya mikono. Karakana yao iliitwa Kericho Wagon Works, na kama jina linavyoonyesha, ilijishughulisha na mikokoteni, magari na vyuma. Wakati wa mchana alikuwa fundi kama mafundi wengine; alfajiri na usiku alisali, akafundisha watu kuyasoma maandiko yao, na kuwatumikia wenzao bila kutaka malipo wala sifa. Makalasinga wa nchi hizi wakaanza kumwendea kwa shauri na maombi, hata wakamwita Baba, na mpaka leo jina la mji huu limeshikamana na lake. Mtu akisema huko Birmingham au Delhi "Baba wa Kericho," wanaomjua huelewa mara moja. Katika miaka ya 1970 alihamia Uingereza, akawakusanya wafuasi wake Birmingham katika chama cha utumishi usio na malipo, akafariki huko mwaka 1983. Hekalu hili la Kericho limejengwa pale palipokuwa karakana yake. Wengi hulitaja kuwa kubwa kuliko mahekalu yote ya Makalasinga katika Afrika.

Mimi nimelifikiri sana jambo hili la karakana. Mahali pengi pa kuhiji duniani huanza kwa pango, chemchemi, au kaburi la mfalme. Hapa pameanza kwa nyundo na msumeno. Na kwa kuwa tumetaja magari, wapenzi wa mbio za Safari watafurahi kukumbuka kwamba Joginder Singh, aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Yaelekea hewa ya mji ule yawafaa mafundi.

Sasa habari ya kuingia. Hakuna kiingilio. Mgeni huulizwa tu, kama mgeni wa mahali popote, kwamba ametoka wapi. Avue viatu na kuviweka panapoonyeshwa, anawe mikono, na kufunika kichwa, mwanamume na mwanamke sawasawa. Kwa wasio na kilemba au leso huwa kuna vitambaa vya kuazima. Tumbako na pombe havivuki mlango, wala mtu aliyekunywa asijaribu. Katika ukumbi hakuna viti. Watu wote huketi sakafuni, kwa sababu kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, huwekwa mahali palipoinuliwa chini ya dari ya kitambaa, na haifai mtu kuketi juu kuliko hicho. Nyuma yake huketi msomaji, na mara kwa mara hukipungia usinga, kama watumishi walivyowapungia wafalme zamani. Usiku kitabu hubebwa kwa heshima mpaka chumba chake kilale. Ziko siku ambapo husomwa mwanzo hadi mwisho bila kunyamaza, wasomaji wakipokezana, kazi ambayo huchukua saa 48. Asiye wa dini hiyo halazimishwi kusujudu. Aweza kuketi kimya na kusikiliza nyimbo, miguu akiikunja, maana kuielekeza miguu kwenye kitabu ni utovu wa adabu. Wakimpa kipande cha chakula laini na kitamu, kilichopikwa kwa unga, samli na sukari, akipokee kwa mikono miwili na kukila. Hiyo ni baraka ya wote waliokuja.

Kisha huja jambo ambalo hasa limenifanya kuandika, nalo ni jiko. Kila hekalu la Makalasinga lina jiko la watu wote, ambalo wao huliita langari. Walio na safari za Mombasa hulijua lile la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli, ambako msafiri yeyote hupewa chakula. Hata Kericho ni vivyo hivyo. Wageni huketi sakafuni kwa safu, bega kwa bega, nao waandazi hupita wakiinama na kugawa chapati, dengu, mboga na chai. Nyama haipikwi, ili mtu wa dini yoyote asipate sababu ya kukataa. Anayekanda unga aweza kuwa wakili, na anayeosha sufuria mwenye kiwanda, kwa maana kazi ya jikoni huhesabiwa kuwa sehemu ya ibada. Wao husimulia kwamba mfalme mkuu Akbar wa India alipotaka kumwona Guru Amar Das, mwalimu wao wa tatu, aliambiwa kwanza aketi katika safu pamoja na makabwela, ale, naye akaketi.

Kwetu kuketi katika safu si jambo jepesi. Nilikwenda huko na mzee mmoja wa Kitutu, ambaye alifuatana na mwanawe na mke wa mwanawe. Alipoona safu ile alisimama. Kila Mgusii anazijua sheria za chinsoni: baba haketi popote tu mbele ya mke wa mwanawe, wala mkwe hali pamoja na mama mkwe kana kwamba ni rika moja, nani amkaribie nani, na kwa umbali gani, ni mambo yaliyopangwa kabla hatujazaliwa. Nikamwambia, "Tata, shika mwanzo wa safu, nao watashika mwisho." Akakubali, na hakuna aliyetuuliza neno.

Aliyemhudumia alikuwa kijana mwenye kilemba, mzaliwa wa Uingereza, ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, karibu na asante. Kijana alipiga goti kumpa chapati, mzee akaipokea kwa mikono miwili. Tulipokuwa tukivaa viatu mzee aliniambia, "Mwanangu, huyu amenipigia goti. Nilipokuwa mtoto, kwa duka la Mhindi, baba yangu alinunua chumvi akiwa amesimama nje ya meza, na hakuna siku aliyoambiwa aketi." Hakusema kwa hasira, bali kama mtu apimaye vitu viwili mkononi.

Neno hilo halifai kupitwa upesi. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao na za Waafrika peke yao. Hospitali ni hivyo hivyo, hata mabehewa ya gari la moshi. Mhindi alikuwa katikati, na wengi walijifunza kumtazama Mwafrika kama walivyotazamwa wao wenyewe na aliye juu yao. Mwafrika kwa upande wake alimjua Mhindi kwa mizani na daftari la madeni tu. Uhuru ulipokuja mambo yakageuka. Sheria za mwaka 1967 za leseni za biashara na za uhamiaji ziliwafungia wasio raia kazi nyingi na biashara mahali pengi, na mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu ya familia wakakimbilia Uingereza kabla Bunge la huko halijafunga mlango, jambo ambalo lilifanywa kwa siku chache tu. Maduka mengi ya miji yetu yakapata wenyewe wapya. Hivyo baadhi ya hao wahujaji wazee unaowaona Kericho wanarudi katika nchi waliyoiacha kwa haraka, na si ajabu ukimwona mmoja akisimama peke yake nje ya ukuta akiutazama mji.

Je, ile safu ya chakula imeondoa utengano? Sidhani. Ukitoka mlangoni, kila mtu hushika njia yake. Hawaji kwetu katika ndoa zetu, nasi hatuendi kwenye zao. Na wako Makalasinga ambao mfanyakazi wao wa Kisii hawajamwuliza jina la mtoto wake. Mwenye kufundishwa kwamba wanadamu wote ni safu moja ana deni kubwa kuliko asiyefundishwa. Lakini nasi tuna letu. Mlango umekuwa wazi miaka yote hii, hekalu likiwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Keroka, nasi tumekaa kwenye matatu tukihadithiana habari za sanamu isiyokuwapo. Na watu wa kwetu walioumizwa katika mashamba ya chai na mipakani mwaka 2008 wajua kuliko mimi jinsi uvumi juu ya jirani usiyemwingilia nyumbani uwezavyo kufika mbali.

Kwa hiyo atakaye kwenda na aende, na ayashike haya machache. Asiende kama mwombaji anayetoroka akisha kushiba. Jikoni vyombo ni vingi, na mgeni akitaka kusaidia kuosha au kukata mboga hushukuriwa. Asipige picha za watu wakiwa katika sala kabla ya kuomba ruhusa. Shule zinazopeleka watoto zitoe taarifa mapema, hasa wakati wa sikukuu ya kuzaliwa Guru Nanak, ambayo aghalabu huangukia mwezi Novemba, kwa maana siku hizo wageni ni wengi. Kumbuka koti la mvua. Na kwa kuwa sisi hatupendi kwenda kwa mwenzetu mikono mitupu, aweza mtu kubeba kilicho shambani mwake: mkungu wa ndizi, maharagwe, viazi, au gunia la mahindi, akakabidhi jikoni na kutaja ametoka wapi. Jogoo amwache nyumbani.